Zamu ya Mjomba

Mama yangu ni dobi. Mtaani wanamwita Mama Mvuke kwa sababu ya pasi yake kubwa inayopumua kila akiibonyeza, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Mimi nakaa mbele, napokea nguo, nabandika tiketi, nabishana na wanaoapa kwamba doa halikuwepo walipoleta shati. Yeye yuko nyuma ya pazia kwenye meza ya kupigia pasi, na simu yake ameiegemeza kwenye kopo la wanga. Simu ile haiko pale kwa ajili ya wateja. Iko pale kwa ajili ya mji.

Huo mji ni mchezo wa kwenye mtandao. Unajenga nyumba, unalima bustani, unafuga kuku, unaweka akiba ghalani. Aliyemwekea mama mchezo huo ni kaka yake, mjomba wangu, enzi hizo bado wanaongea. Wakafungua akaunti moja ya watu wawili: barua pepe ya mama, namba ya simu ya mjomba, na nywila wanayoijua wote. Mtu mwenye akili zake timamu angefungua mbili. Lakini hao walikua wakilala kitanda kimoja na kula sahani moja, wakaona akaunti mbili ni kujitia ukubwa. Mji wakauita Ng'ambo Mbili, kwa kuwa katikati yake unapita mto.

Halafu bibi akafariki. Mjomba alikuwa mbali kikazi, akafika bibi ameshazikwa. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vyombo vya waombolezaji. Nilichoona ni mjomba amesimama mlangoni, begi mkononi, na mama anamwambia neno kwa sauti ya chini. Mjomba akageuka akaenda zake bila hata kuliweka begi chini. Aliambiwa nini, sikupata kujua. Kila nikiuliza mama ananitazama kama nimemkanyaga mguu. Alibadilisha laini yake ya simu, akaifuta namba ya kaka yake, na tangu hapo mjomba hatajwi nyumbani kwetu.

Ila mjini hakuhama mtu. Kila mmoja aling'ang'ania ng'ambo yake, mama kwenye bustani na bwawa, mjomba kwenye majumba na mabanda ya kuku. Na mchezo ule hauruhusu simu mbili kwa wakati mmoja. Akiingia mmoja, mwingine anatolewa nje papo hapo. Wengine wangetukanana. Hawa wawili walijitungia adabu yao bila kuzungumza: anayetolewa harudi mpaka mwenzake amalize. Mjomba alikuwa na asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa na mchana.

Mama akiingia alikuta nyanya zake zimemwagiliwa. Anavuka daraja, anaokota mayai ya kuku wa mjomba yasije yakaharibika, anarudi. Siku moja alikuta benchi limewekwa kando ya bwawa lake. Akaniita nilione. "Huyu mtu ana wazimu," akasema, "benchi juani!" Kesho yake akapanda mti pembeni ya benchi. Ndivyo walivyokuwa wakizungumza, na mimi nikawaona wote wawili ni wapuuzi, maana simu zilikuwa mikononi mwao na salio lipo.

Sasa, kila mjomba alipoingia kwa simu yake, kampuni ya mchezo ilimtumia mama barua pepe. "Habari, Ng'ambo Mbili. Umeingia kwa simu ya aina fulani. Kama ni wewe, huna haja ya kufanya lolote." Barua hiyo ni ya tahadhari. Imeandikwa ili mtu ashtuke. Mama yangu yeye aliipokea kama salamu. Simu ikilia asubuhi, anainua pasi, anachungulia, anasema, "Ameamka." Basi siku yake imenyooka. Sidhani kama kuna mtu mwingine duniani anayetabasamu akipata onyo la usalama, na kosa lililotupata lilianzia hapo.

Kuna wiki moja salamu hazikuja. Siku ya kwanza mama akasema labda ana kazi nyingi. Siku ya pili akasema chaja yake itakuwa imekufa, mtu yule hajui kutunza vitu. Baada ya hapo akaacha kusema. Kila simu ikitoa mlio aliiacha pasi na kukimbilia kopo la wanga, na kila mara lilikuwa tangazo la duka au ujumbe wa mteja. Nyanya zikaanza kunyauka kwa kuwa mwagiliaji hayupo. Mama angeweza kumwagilia mwenyewe, lakini alikataa kabisa.

"Hiyo ni kazi yake," akasema.

"Mpigie basi."

"Nimpigie nani?"

"Mama, unajua ninamsema nani."

"Leta hilo shati," akasema, na lile shati akaliunguza kola. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiunguza hata kitambaa cha jikoni. Nikataka kumtania, nikamwona anavyoitazama ile simu, nikaacha. Na mimi nikaanza kuogopa. Mjomba anaishi peke yake, na mtu anayeishi peke yake anaweza kuanguka bafuni asijulikane.

Ndipo asubuhi moja, nikiwa namhesabia mteja mashuka yake, nikasikia mama anapiga kelele nyuma ya pazia.

"Ameingia! Jamani, ameingia!"

Nikacheka peke yangu. Mteja akaniuliza nani ameingia, nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Mama alianza kuimba. Sauti yake ni mbaya, lakini asubuhi ile nilimwacha aimbe.

Wimbo ukakatika katikati. Nikasikia vidole vinagonga kioo cha simu kwa nguvu kama mtu anayebisha hodi.

"Mwanangu, hebu njoo. Huu mji unanikataa."

Nikaenda. Kioo kilikuwa kimeandika kwamba nywila si sahihi. Akaiandika tena mbele yangu, herufi moja moja, na ilikuwa ileile ya siku zote. Ikakataliwa.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Nikiwa dukani nimeshawasikia wengi wakisema hivyo, na wote walikuwa wamefanya kitu. Nikaichukua simu nikafungua barua pepe. Ya mwisho ilikuwa na picha ya mto na daraja, rangi ileile ya kijani, nembo ileile ya kampuni. Ikasema hivi: "Mpendwa Mchezaji. Akaunti yako imefunguliwa na kifaa kisichojulikana. Bonyeza hapa uthibitishe sasa hivi kwamba wewe ndiye mwenyewe. Usipofanya hivyo leo, mji wako na mali zote vitafutwa."

"Ukabonyeza?"

"Kulikuwa na kitufe."

"Halafu?"

"Wakaniuliza nywila, nikawapa. Si ni wenyewe? Niliona mjomba... nilimwona mtu ameingia, wakataka kumfutia mji wake. Ningekaa tu niangalie?"

Nikahisi joto linanipanda kichwani, na halikuwa la pasi. Nikafungua barua za zamani, zile salamu zake, nikamwonyesha ya zamani na mpya moja baada ya nyingine. Za zamani zinasema Ng'ambo Mbili. Hii inasema Mpendwa Mchezaji, haimjui hata jina. Za zamani zinataja aina ya simu ya mjomba. Hii inasema kifaa kisichojulikana, ambacho kinaweza kuwa hata pasi. Za zamani hazijawahi kumwomba kitu chochote wala kumtisha. Kisha nikabonyeza anwani ya mtumaji. Jina la kampuni lilikuwepo mwanzoni, halafu likafuatwa na mkia mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka.

"Mama, hii haikutoka kwao. Umeingizwa mkenge. Nywila umempa mwizi."

Nilitegemea alie kwa ajili ya mji, kwa ajili ya ghala na bwawa na kila alichokijenga. Akakaa juu ya furushi la mashuka machafu, yeye ambaye hunifokea nikiligusa tu.

"Kwa hiyo hakuingia," akasema. "Kwa hiyo sio yeye."

Hasira zote zikaniishia. Nilitamani kumkumbatia na sikujua nianzie wapi, kwa sababu sisi hatuna mazoea hayo. Nikamshika mkono tu, tukaacha duka wazi, tukavuka barabara kwa fundi simu.

Fundi simu ana kibanda chenye meza ndogo na taa ya kuinamia, na mdomo usio na breki. Akaisoma barua akiwa ameng'ata bisibisi.

"Mama Mvuke, wewe shati likiletwa unaligeuza ndani nje ndipo ulipokee. Barua hukuigeuza?"

"Usinichezee, fundi. Tengeneza."

"Barua haitengenezwi. Nywila hiyo unaitumia wapi kwingine?"

Mama akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Ilikuwa ndiyo nywila ya barua pepe yake pia. Fundi akaitema ile bisibisi, na hapo nikajua mambo si mazuri, maana kejeli zilimwisha. Akambadilishia nywila ya barua pepe palepale, mimi nimesimama nyuma yake roho juu, nikiomba huyo mwizi awe bado anahangaika na ghala. Ikakubali. Barua pepe ilikuwa bado yetu.

"Sasa mchezo," akasema. "Na tunaingia kwa programu yenyewe. Ile linki ya kwenye barua asiiguse mtu tena, hata kwa kuchungulia."

Akaniambia niufungue mchezo kwenye simu yangu na nibonyeze pale palipoandikwa umesahau nywila. Mwizi alikuwa ameshaondoa barua pepe ya mama akaweka yake. Kilichobaki cha zamani kilikuwa kitu kimoja, namba ya simu, na mchezo ulionyesha tarakimu zake mbili za mwisho tu.

"Ahueni," fundi akasema. "Namba hawezi kuibadilisha mpaka apate tarakimu sita zinazotumwa kwenye namba yenyewe. Hii ni namba ya nani?"

Nikasema ni ya mjomba.

"Basi mpigieni haraka. Namba hiyo huyo mwizi anaiona nzima sasa hivi, yuko ndani ya akaunti. Kama ana akili atampigia mwenyewe, atajifanya yeye ni mtu wa huduma, atamwomba amsomee hizo tarakimu. Akisomewa yeye kabla yenu, mmeuaga mji."

Nikamwambia hatuna namba, mama aliifuta. Mama alichukua simu yake akaanza kubonyeza, tarakimu zote, bila kusita hata mara moja. Kumbe aliifuta kwenye simu tu.

Ikaita mpaka ikakata. Fundi akamwambia aweke sauti ya nje ili tusikie wote, ajaribu tena. Ikaita tena. Nilikuwa nikimtazama mama usoni, na niliona kwamba mji umeshamtoka akilini. Alichokuwa akisubiri ni kusikia kama kuna mtu hai upande wa pili. Wiki nzima ya ukimya ilikuwa imesimama pale kibandani pamoja na sisi.

"Nani?" sauti ikasema. Ilikuwa kavu na yenye kuudhika, na ilikuwa ya mjomba.

Mama akafumba macho. Fundi akamgusa bega.

"Ni mimi," mama akasema.

"Mimi nani? Sema haraka, nimeshika simu kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye plasta."

"Umevunjika mkono? Lini? Umeanguka wapi?"

"Wewe inakuhusu nini? Wewe ni nani?"

"Ni mdogo wako. Wa... mtoto wa mama yako. Sikiliza, kuna mwizi ameingia mjini, tunatuma tarakimu sita kwenye simu yako, unisomee."

Nikabonyeza tuma. Upande wa pili tukasikia mlio mdogo wa ujumbe kuingia. Chini ya kioo changu saa ikaanza kurudi nyuma. Zilikuwa dakika chache tu.

Mjomba akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Sasa hivi amenipigia mwanamke mmoja, akajiita huduma kwa wateja, anataka nimsomee tarakimu. Nikamfukuza. Sasa mmekuja na mdogo wangu. Namba yenyewe siijui. Wezi nyie mna familia kubwa."

"Usikate!" nikapiga kelele. "Mjomba, ni kweli!"

"Na mpwa pia yupo. Hongereni."

Fundi simu akaweka kiganja kinywani. Mwenyewe ndiye aliyetuonya kuhusu wapigaji wa namna hiyo, na mjomba alikuwa anafanya vile inavyotakiwa. Nilitaka kumlaani na sikuwa na haki. Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Niulize kitu," akasema. "Niulize chochote. Shule, nyumbani, jina la mbwa wetu."

"Hayo mnaweza kuyapata popote. Siku hizi mnajua mpaka watu wamekula nini." Tukamsikia anavuta pumzi. "Haya. Siku ya mwisho nilipoonana na mdogo wangu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniambia maneno mawili. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Yataje."

Mama akamtazama fundi, akanitazama mimi. Kwenye simu yangu saa ilikuwa ikienda. Fundi, mtu wa maneno yule, akajitia anatafuta kitu kwenye droo.

"Mama," nikasema, "muda unaisha."

"Niulize kingine," mama akamwambia mjomba.

"Sina kingine."

Nilimwona mama yangu akiwa amebanwa pande zote. Akiyataja, atakuwa ameyasema mara ya pili, safari hii mbele ya binti yake na fundi simu. Asipoyataja, yeye ni mwizi kama yule mwingine, na simu itakatwa, na asubuhi hazitakuwa tena na salamu. Niliogopa kumwangalia, lakini nikamwangalia.

"Nilikwambia," akasema, na sauti ikamvunjika, akaianza upya. "Nilikwambia, sina kaka."

Ilipita gari barabarani. Nikadhani amekata, nikainama kutazama kioo, hapana, bado alikuwepo. Mambo mengi ya nyumbani kwetu yaliniingia akilini kwa pamoja wakati ule, na nilimwonea huruma mjomba na lile begi lake.

"Ndiyo wewe," mjomba akasema taratibu. "Andika."

Akaanza kusoma. Alisoma polepole, tarakimu moja, anapumzika, nyingine, kama mtu anayesoma kwa mbali bila miwani. Mama hakuandika kitu. Niliandika mimi, vidole vikiteleza kwa jasho, na ya sita nilipoiingiza saa ilikuwa karibu kufika mwisho wake. Kioo kikazunguka, kikazunguka. Mlango ukafunguka. Ghala lilikuwa limekombwa, kuku wamekwisha, lakini nyumba zipo na daraja lipo. Fundi akaninyang'anya simu, akaweka nywila mpya, akairudisha barua pepe ya mama, akamfungia mwizi nje.

"Mama, tumeingia," nikasema. "Tumeurudisha."

Hakunisikia. Alikuwa ametugeuzia mgongo, ameondoa sauti ya nje, simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili.

"Rudia, kaka," akasema. "Sijazipata vizuri."

Na mjomba, nadhani, akaanza tena kutoka ya kwanza, kwa sababu mama alitulia kabisa, akisikiliza.